Unga wa Kwao, Maji ya Kwetu

Ng'ambo walizuia unga, na serikali ya huku ikaamua kuzuia maji. Tatizo ndilo hilo, halina kona. Mvua zilikuwa zimekosa misimu mitatu mfululizo. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vinu na maghala ya ngano. Huku kulikuwa na chemchemi ya mlimani na kituo cha pampu. Miaka yote unga ulivuka daraja kuja huku juu ya malori, na maji yakavuka kwenda kule ndani ya bomba kuu lililoning'inia chini ya daraja hilohilo. Hakuna aliyemshukuru mwenzake, kama vile mtu asivyoishukuru pua yake kwa kuvuta pumzi. Kisha ngano ikapungua, wenye ngano wakasema kwanza tushibe sisi, na malori yakasimama. Haukupita muda, askari wa nchi mbili wakawa wamelala kifudifudi, hawa mwisho huu wa daraja na wale mwisho ule, wakitazamana kupitia mitutu ya bunduki.

Mtu aliyeshika gurudumu la kulifungia bomba hilo aliitwa Koki. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa linajulikana na mkewe tu, na yeye alilitumia akiwa amekasirika. Koki alikuwa mfupi, mnene wa shingo, na ulimi wake haukuwa na mlango. Alikuwa ameifanya kazi ya vali tangu ndevu hazijamwota.

Asubuhi ya siku ambayo wajumbe wa ng'ambo walikuwa waje kwa mazungumzo, yeye na mkewe walisimama foleni kwenye duka la mkate. Foleni ilizunguka ukuta wa duka, ikapita kwa kinyozi, ikaingia uchochoroni. Watu walisukumana kwa mabega bila kutazamana usoni.

"Koki!" muuza mkate aliita kutoka dirishani. "Leo ni nusu mkate kwa kila nyumba, hata kwa mwenye maji ya nchi."

"Nusu kwa watu wazima wawili?"

"Shukuru. Walio wengi zaidi wanagawana hiyohiyo."

"Na hiki ulichokanda humu ni nini? Vumbi la mbao?"

"Usiniulize, kaka, nisije nikakujibu."

Nyuma yao mwanamke mmoja mwenye kapu tupu akaingilia. "Hivi wewe Koki unangoja nini? Si ufunge tu hilo bomba lako! Wafungie, wautafune unga wao mkavu tuone utapita vipi kooni."

Watu wakacheka. Mkewe Koki akageuka taratibu.

"Mwanangu yuko huko, dada yangu. Mimba ya miezi minane. Naye autafune mkavu?"

Yule mwanamke akatazama ndani ya kapu lake kana kwamba kuna kitu.

"Basi afunge kwa wote isipokuwa kwake," muuza mkate akasema, akitafuta kicheko cha pili. Hakukipata.

Walirudi nyumbani wakipita katikati ya barabara, kwa sababu hapakuwa na gari la kuwasumbua. Mkewe alikuwa ameuficha mkate ndani ya kanga, ameukumbatia kama mtoto mgonjwa.

"Wagonjwa na wajawazito watavuka kwanza," alisema. Alikuwa ameshalisema hilo tangu jana, na juzi pia. "Daktari wa huku na daktari wa kule wamekubaliana. Wajumbe wa kule wakishaingia ofisi ya forodha ya huku, wagonjwa wanavuka. Wakishavuka, malori kumi na mawili ya unga yanafuata. Nitasimama pale juu, kwenye kizuizi. Mumewe atamsindikiza."

"Najua."

"Unajua, lakini nakwambia. Na leo huo mdomo wako uufunge kama vali zako."

"Vali zangu zinavuja."

"Ndiyo maana nasema."

Koki akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka siku hiyo, na kwa siku nyingi baadaye.

Ndoa ya binti huyo ilikuwa mzaha wa mji mzima. Ng'ambo, mwisho wa pili wa bomba, kulikuwa na mfunga vali mwingine, mrefu, mkimya, mwenye mguu mmoja mzito. Kwa miaka mingi yeye na Koki waliongea kwa kugonga chuma kabla hawajaonana uso kwa uso. Walipoonana wakawa marafiki, wakaanza kutembeleana, na watoto wao wakaonana pia. Watu walisema hiyo ndiyo posa pekee duniani iliyopita ndani ya bomba. Tangu hapo Koki alimwita yule bwana Mkwe, na Mkwe naye akamwita Koki Mkwe, na wakigombana kuhusu bomba kila mmoja alisema makosa ni ya mkwe.

Chumba cha vali kilikuwa chini, ambapo barabara inakutana na daraja. Unashuka ngazi za zege, unafungua mlango wa chuma, unakuta giza lenye harufu ya grisi. Katikati lilikaa gurudumu jekundu, kubwa kama la mkokoteni, rangi yake imelika pale mikono inaposhika. Ukutani palikuwa na geji ya kupimia nguvu ya maji, yenye kioo kilichopasuka. Dirisha lilikuwa moja, dogo, linalotazama mtoni. Mto wenyewe ulikuwa umebaki mkanda wa tope na vidimbwi vya kijani, ng'ombe wawili wamefia humo na hakuna aliyekwenda kuwatoa.

Kapteni wa jeshi alimkuta Koki ameketi juu ya pipa la mafuta. Alikuwa kijana mwembamba, midomo imepasuka, na adabu alikuwa nayo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na sura ya mtu anayekuja kudai."

"Nimekuja na amri. Utasikia king'ora kifupi kutoka forodhani. Hapo ujue wajumbe wao wameshaketi. Unafunga vali nusu."

Koki alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Afande, hospitali yao iko kilimani. Nusu haipandi kilima. Nusu ni sawa na hakuna."

"Ni kwa saa chache tu. Wakubwa wanataka wajumbe waletewe habari wakiwa mezani, kwamba maji yameanza kukata. Watasaini upesi, malori yataanza kuvuka kama zamani, na wewe utafungua. Kila mtu atakula na kila mtu atakunywa."

"Na binti yangu?"

"Najua habari ya binti yako. Anavuka kwanza, kabla ya malori. Hilo nimelisimamia mwenyewe."

"Mungu akubariki. Basi niache nimgongee mwenzangu, nifunge."

"Umgongee nini?"

Koki alimweleza. Bomba lile lilikuwa refu na la zamani, na maji hukimbia ndani yake kwa nguvu. Ukibana upande huu ghafla, yale yaliyotangulia yanaendelea kukimbia na kuacha utupu nyuma, kisha yanarudi kwa kishindo na kupasua viungo. Kwa hiyo anayefunga hugonga kwanza mara tatu. Mwenzake wa ng'ambo akisikia, anafungua vali ya hewa kwenye chumba chake ili bomba lipumue, halafu anajibu mara mbili. Ndipo unafunga. Hivyo ndivyo walivyofanya wao, na kabla yao wale waliowafundisha.

"Hapana," Kapteni akasema.

"Hapana nini?"

"Usigonge. Nisikilize, mzee wangu. Juu ya kichwa chako kuna vijana mia wamelalia bunduki, na tangu jana wamekula biskuti. Ng'ambo kuna mia wengine, nao sidhani kama wamelala. Leo kwenye daraja hili hata kupiga chafya ni kosa. Funga polepole, kimya kimya."

"Polepole ya bomba hili ni kutwa nzima."

"Una muda wa kumaliza kikombe cha chai."

"Basi litapasuka."

"Likipasuka, lawama ni yangu."

"Lawama yako, bomba langu."

Kapteni alimtazama kidogo, kama mtu anayetaka kucheka lakini amesahau kunavyofanywa. "Kimya, mzee," alirudia. Akapanda ngazi.

Koki alibaki peke yake na gurudumu. Hakuwa mtu wa kufikiri kwa kuzunguka. Aliona mambo mawili. La kwanza, bomba halijawahi kupasukia mikononi mwake. Likipasuka leo, hata wakubwa wakisaini karatasi zao zote, ng'ambo hakutakuwa na maji mpaka chuma kipya kipatikane, na chuma kipya kilikuwa hakipatikani tena popote. Ng'ambo kutakuwa na kiu, na wenye kiu hawatatoa unga. La pili, Mkwe. Alimwona kabisa kwa akili yake, ameketi kwenye kibao chake ng'ambo, ule mguu mzito ameunyoosha, sikio karibu na chuma. Simu zilikuwa zimekatwa. Bomba lilikuwa halijakatwa.

Kapteni ni mtu wa bunduki, akajisemea. Ataambiwa na nani habari za bomba? Na mara tatu tu, nani atasikia? Maisha yao yote waligonga, na hakuna mpita njia aliyewahi kugeuza shingo.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingeweza kulifanya. Miaka yote waliyogonga, juu ya daraja kulikuwa na malori. Kulikuwa na honi, na mikokoteni, na wachuuzi wanaopigiana kelele, na mabati ya daraja yanayogongana chini ya magurudumu. Mgongo wa bomba ulikuwa umefungwa kwenye chuma cha daraja kwa vishikizo, na kila walipogonga, daraja lote lililia pamoja nalo. Ila kilio hicho kilimezwa na ghasia. Koki hakuwahi kuligonga bomba kukiwa kimya. Hakujua sauti yake.

King'ora kikalia, kifupi.

Akachukua spana kubwa. Akagonga.

Mara ya kwanza, alihisi sauti ikipanda kwenye ngazi. Mara ya pili ilikuwa imekwisha kupanda, na alitaka kuuzuia mkono, lakini mkono ulikuwa na mazoea yake na ukapiga ya tatu. Daraja likalia kuanzia mwisho hadi mwisho, sauti ndefu, nene, isiyotaka kuisha.

Alishika gurudumu, akazungusha huku akisikiliza. Mwenzake hujibu upesi. Akazungusha tena. Sindano ya geji ikaanza kutetemeka. Hakuna jibu. Juu alisikia mtu akipaza sauti, kisha mwingine. Aliliacha gurudumu likiwa karibu na nusu, akapanda ngazi mbili mbili mpaka pumzi ikamwishia, akachungulia kwenye usawa wa barabara.

Daraja lilikuwa limenyooka mbele yake, tupu na jeupe kwa jua. Mkewe alikuwa kwenye kizuizi, mikono kichwani. Wagonjwa wachache walikuwa wamesimama hapa na pale, kila mmoja ameganda palipomkuta ule mlio. Binti yake alikuwa ameshaupita mstari wa katikati. Tumbo mbele, mkono mmoja kiunoni. Na aliyemfuata nyuma na begi hakuwa mumewe. Vijana wa kiume hawakuruhusiwa kukanyaga daraja siku ile, upande wowote. Koki alilijua hilo na hakulifikiria. Aliyembebea begi alikuwa Mkwe.

Mkwe alikuwa amesimama, kichwa amekiinamisha upande, kama afanyavyo akisikiliza chuma. Akaliweka begi chini, taratibu, kama mtu anayeweka mayai. Akamwambia binti maneno mawili matatu. Kisha akageuka na kuanza kukimbia kurudi kwao, mguu mzito ukiburuzika, kuelekea chumba chake cha vali. Alikuwa ameitwa kazini.

Koki alielewa yote kwa mkupuo mmoja.

"Mkwe!" alipiga kelele. "Mkwe, acha! Simama hapohapo! Liache!"

Askari wa ng'ambo walichoona ni hiki: chuma kimelia mara tatu kutoka kwa adui, mtu anatoka upande wa adui anawajia mbio, na adui mwingine anachomoza ardhini akipiga kelele. Walimwamuru asimame. Mkwe akainua mkono mmoja, vile mtu anavyoinua akiitwa na mke kula, nakuja, nakuja, na hakupunguza mwendo. Alikuwa na bomba la kuliokoa.

Risasi ya kwanza nani aliipiga, mpaka leo pande mbili hazijakubaliana. Koki alisikia moja, kavu, kisha zote. Mkwe alianguka kifudifudi. Vioo vya forodha vikamwagika. Mtu alimvuta Koki kwa ukosi, wakaanguka pamoja ngazini. Alipoinua kichwa tena, lori la mbele la unga lilikuwa linawaka na moshi wake ulikuwa mweupe.

Binti yake alikuwa ameshuka kwa magoti. Huku kwao alikuwa amebakisha hatua chache, chache sana. Mama yake alikuwa anamwita kwa jina la utotoni, anashikiliwa na askari wawili. Binti alimtazama mama yake. Kisha akageuka na kutambaa kurudi nyuma, tumbo likigusa bati, mpaka alipofika kwa baba mkwe wake, na akalala pale, mkono juu ya mgongo wake.

Ndipo bomba likapasuka. Lilipasuka katikati ya daraja, kwenye kiungo, maji yakaruka juu kama ukuta na kumwagika mtoni, kwenye tope, juu ya ng'ombe waliokufa. Watu wa ng'ambo waliyaona yakimwagika. Hawakuhitaji kuelezwa zaidi.

Jioni risasi zilipopumzika, Kapteni alimkuta Koki ameketi sakafuni katika chumba chake. Mkono wa Kapteni ulikuwa umefungwa bendeji.

"Wamemchukua kwao," alisema. "Binti yako. Nimewaona kwa darubini. Anatembea."

Koki akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Mimi ndiye niliyegonga."

"Najua. Nina masikio."

"Ulinikataza."

"Nilikukataza." Kapteni aliketi kwenye pipa la mafuta. "Umemwambia nani mwingine?"

"Sijamwambia mtu. Nataka niende forodhani, niwaambie wale wajumbe wao. Niwaambie ilikuwa salamu ya kazi. Yule mzee alikuwa anakwenda kufungua hewa."

"Wajumbe wamefungiwa. Sasa ni mateka." Aliinua macho. "Mzee, redio yetu imesema walianza wao. Redio yao imesema tumeanza sisi. Huku wanasema yule alikuwa mpelelezi wao, kule wanasema alikuwa wetu. Kuna nchi kubwa imeshatoa tamko la kutuunga mkono, na nyingine imeshawaunga wale. Nchi zote zimepata sababu zao. Hiyo yako haina mnunuzi."

"Sikuja sokoni."

"Basi kaa nayo," Kapteni akasema, bila ukali. "Mimi nimeshaambiwa niripoti kwamba ile sauti ilikuwa ishara ya shambulio lao. Na nitaripoti hivyo."

Koki alikwenda hata hivyo. Alikwenda forodhani usiku uleule, akafukuzwa. Akaenda kwa mkuu wa kituo cha pampu, akaambiwa akapumzike. Akamwambia muuza mkate, na muuza mkate akatazama kulia na kushoto, akafunga dirisha. Mwisho alimwambia mkewe, ambaye alikuwa ameshajua tangu pale kwenye kizuizi, kwa sababu mke wa mfunga vali anajua kugonga kunavyolia. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akahamisha godoro lake chumba cha binti yao.

Vita viliendelea mpaka mavuno ya mwaka uliofuata, ambayo nayo hayakuwa mavuno. Viliisha kwa kuchoka, kwa mkataba uleule ambao wajumbe walikuwa wanakaribia kuusaini.

Gharama yake ni hii. Siku ile darajani walikufa askari kumi na mmoja, sita wa huku na watano wa kule, na madereva wawili, na mgonjwa mmoja aliyekuwa anavuka kwenda kutibiwa figo. Malori matatu ya unga yaliungua na tisa yakarudi. Bomba lilikatika, na mpaka leo halijaungwa. Ng'ambo walikunywa maji ya mto, na kuhara kuliwaua watu mia nne, wengi wao watoto wasiofika umri wa shule. Huku mkate uliisha kabisa. Wazee wa mtaa wa Koki waliozikwa msimu ule walikuwa ishirini na tisa, na yule mwanamke mwenye kapu akiwa mmoja wao. Wajumbe watatu walikamatwa, wawili wakarudi makwao. Kapteni aliuawa katika mapigano ya mwezi wa pili wa vita. Nchi mbili ziliingia vitani na nyingine nne zikapeleka silaha. Mkwe alikufa palepale. Binti alijifungua hospitali ya kilimani, kwa maji ya ndoo, mtoto wa kike, na wote wawili wazima. Mama yake ameruhusiwa kuvuka mara mbili kwenda kuwaona. Koki hajaitwa.